Kiinua Mgongo

Mji wetu unaitwa Bala. Balaa lake moja tu, mvua.
Hunyesha Jumatatu, hunyesha siku ya mnada wa kondoo,
hunyeshea hata waliokwisha kulowa.
Nami miaka thelathini na moja nyuma ya kioo cha posta
nikipima mizigo ya watu:
soksi za mjukuu aliye Australia,
keki ya askari, na mara moja
robo ya majivu ya mtu ndani ya kopo la chai.
Mjane wake aliuliza kama kuna njia ya bei nafuu.

Sabuni ilianza kwa ajili ya mikono.
Gundi, sarafu, baridi: ngozi ikapasuka
kama chungu kilichokaushwa kwa pupa.
Hafina, jirani mfugaji, akaniletea ndoo ya shahamu ya kondoo,
akaiweka kizingitini, akaondoka bila maelezo.

Nikajifunza. Magadi makali huingia majini;
maji hayamwagwi juu ya magadi, kamwe,
ukigeuza mpangilio jiko zima litafoka.
Emrys alivaa miwani ya kuchomelea vyuma,
akasimama mlangoni na chupa ya siki
kama mtu angojaye nyoka atoke.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuiona sabuni yangu ya kwanza:
ilitoka madoa ya rangi ya chungwa, ikanuka kikaango cha jana.
Ya pili, uji.
Ya tatu niliiogea usiku, mlango nimeufunga kwa komeo,
na povu lilipopanda hadi viwiko nilicheka kwa sauti
hata Emrys akabisha kuuliza kama nimeanguka.

Nikagawa. Nikagawa tena.
Hadi mpiga kinanda wa kanisani akanishika mkono taratibu:
"Gwenllian, mpenzi, bado ninavyo vipande saba."

Ilikuwa imebaki miezi kumi na minne nistaafu.
Barua ikaja, ina hesabu ya kiinua mgongo.
Jina zuri hilo.
Mgongo wangu uliisoma mara mbili
ukabaki umeinama vilevile.

Basi biashara.
Mkemia wa Wrexham alitaka pauni mia na hamsini
kuthibitisha kila aina kwamba haitamchubua mtu.
Nilikuwa na aina tisa. Saba nikazizika daftarini:
ya lavenda, ya kahawa, na ile ya asali
ambayo, kusema kweli, niliipenda kuliko zote.
Lowri akapiga simu kutoka Cardiff:
"Weka jua kwenye karatasi, mama. Nani atanunua mvua?"
Nikaandika *Glaw*, mvua kwa lugha yetu,
kwa sababu hiyo ndiyo tuliyo nayo kwa wingi.

Siku ya kwanza sokoni nilihesabu vipande vinne vimeuzwa.
Jioni nikakuta kisandukuni noti ya pauni tano
yenye doa la wino wangu pembeni.
Asubuhi ilikuwa pochini mwa Emrys.
Sikumwambia. Nilimkaangia mayai.

Sasa chumba cha Lowri ni cha sabuni.
Zinalala wiki sita juu ya rafu zilizokuwa za wanasesere,
zinakauka, zinapungua uzito, zinakuwa ngumu.
Huingia usiku nikazigeuza moja moja
kama mtu anayekagua wagonjwa wanaopona.

Jumanne nilikwenda posta upande wa pili wa kioo.
Kiti changu amekikalia Iestyn, kijana mwenye chunusi na adabu.
Oda ya kwanza ya mbali, vipande kumi na viwili, Aberdeen.
Akaweka mzigo juu ya mizani ile ile,
akatazama, akaona haya.
"Umezidi gramu kumi na moja, Bi Gwenllian."

Najua zinakozidi. Ni kadi ya shukrani, nene,
niliyoiandika kwa mkono mara tatu.
Nyuma yangu foleni ilikuwa inachuruzika mvua,
mtu akakohoa kunihimiza.
"Bei ya juu," nikasema, nikafungua pochi,
na vidole vyangu, nikaona, havikuwa na ufa hata mmoja.