Alhamisi ya Mwisho wa Mwezi

Ufunguo wa ukumbi nauchukua kwa mama Nyemo,
anayeshona sare za shule pale Ipagala.
Ananipa bila neno, pini bado mdomoni.
Mwaka wa kwanza aliuliza:
"Kikundi gani hicho, hamkopeshani, hamzikani?"
Nikasema, cha watu wanaoziandikia kompyuta maagizo.
"Na zinatii?"
Nilikosa jibu.

Napanga viti ishirini. Najua tutakuwa tisa.
Thelathini na wanane wamejibu "tupo pamoja",
na aliyewahi kuitisha kikao anajua maana yake.
Nafuta meza. Vumbi linarudi kabla sijakung'uta kitambaa;
lilishaingia kwenye feni ya kompyuta yangu,
siku hizi inakoroma kama mashine ya kusaga ya Nkuhungu.

Mkutano wa kwanza tulikuwa watatu.
Mmoja alifuata mtandao wa bure.
Wa pili aliuliza posho inasainiwa wapi.
Wa tatu nilikuwa mimi.
Yule wa mtandao ni Ndahani, leo mweka hazina wetu,
anayejua bei ya karanga kuliko bei ya seva.

Wanaingia:
wa Mtumba, vitambulisho shingoni, wamesahau kuvivua;
wa chuoni, wenye nauli ya kuja tu;
wawili wa benki wasiosema wanafanya nini;
na Sechelela, wa kibanda cha simu sokoni Majengo,
miezi mitano kiti cha nyuma
na daftari la hesabu, anaandika, hasemi.

Niliwahi kulazimisha kujuana.
Geuka, nikasema, mpe jirani mkono, taja kazi yako.
Walitazamana kama wakwe.
Sikurudia.

Februari umeme ulikatika
katikati ya mada ya Chedego, "Uimara wa Mifumo ya Malipo".
Picha ikatoweka ukutani, na ile sauti yake ya semina ikatoweka nayo.
Gizani akasema lisilokuwa kwenye mada:
"Jamani, mfumo wangu unaanguka kila mwisho wa mwezi.
Sijalala wiki tatu.
Ofisini nimesema kosa nalijua. Silijui."

Mtu alikuwa anamenya karanga. Akaacha.
Kisha, kutoka nyuma:
"Saa ya malipo anaijaza nani?"
"Makarani."
"Basi wanajaza ya kwetu.
Mtu amelipa saa tatu usiku, karani anaandika tatu.
Mashine inasoma alfajiri ya siku hiyohiyo.
Ankara imetoka mchana;
kwenye vitabu vyenu amelipa deni ambalo halijazaliwa."

Chedego alicheka, au alilia.
Taa ziliporudi hakuna aliyemtazama kuhakiki.

Sikuwaambia wapeane namba.
Jumatatu alimpeleka Mtumba; mlinzi getini
akamuuliza Sechelela amekuja kutengeneza simu ya nani.
Mwezi wa sita na yeye aliingia ukumbini
na kitambulisho shingoni, amesahau kukivua.
Kiti cha nyuma kikabaki wazi, sasa anakaa mbele na kukata watu kauli.

Si kila mwezi una Februari yake.
Wale wa benki walihamishiwa Dar, hawakuaga.
Julai tulikuwa wanne, na baridi, na mada yangu mwenyewe
niliyoisoma nikiwa nimevaa koti.
Usiku ule niliandika ujumbe wa kuvunja kikundi.
Bando likaisha kabla haujaondoka,
na asubuhi niliufuta.

Leo tumemaliza saa mbili na nusu.
Nabeba viti, nahesabu: kumi na tisa.
Narudia. Kumi na tisa.
Natoka nje na taa ya simu.
Kipo, kando ya ukuta: mwanachuo mmoja amekaa,
Ndahani amechuchumaa mbele yake
anachora mishale kwenye vumbi kwa kijiti,
anafuta kwa kiganja, anachora tena.

Mama Nyemo anasubiri ufunguo wake.
Nazima taa ya simu,
nageuza ndoo, nakaa.