Kikohozi cha Fisi

Jumamosi, Nyalenda. Apondi na uji wake
mbele ya katuni: fisi meya, tai imemkaba,
anakohoa mara mbili ndipo awahutubie mbuzi.
Nikaangua kicheko, chai ikanipalia.
"Baba, si amekohoa tu!"

Nimwelezeje? Kikohozi kile
ni cha msoma habari, enzi ya kituo kimoja;
kikisikika, hata walevi walinyamaza.
Mchoraji amekificha humo
kwa ajili yetu tunaokaa nyuma ya watoto.

Zamani, kwa jirani mwenye betri ya gari,
baba yangu alimcheka sungura mwenye leso.
Nilimwona mjinga.
Juzi ndipo nikaielewa ile leso,
nikacheka peke yangu jikoni,
miaka tisa baada ya matanga.

Apondi anajifuta uji,
anakohoa mara mbili,
anamhutubia paka.