Shimo Namba Tisa

Miaka ishirini na mbili nilishika mtambo wa kuchimba visima.
Chenene, Itiso, Mvumi, Handali:
mwamba wa Ugogo naujua kwa mlio.
Ukiimba, endelea. Ukikohoa, badili kekee.
Ukinyamaza, vua kofia.

Basi daktari aliponilaza kifudifudi
akapapasa mfupa wa nyonga kwa kidole gumba
kama mpimaji anayesaka mkondo,
nilimwambia, "Hapo utapiga mwamba, binti yangu."
Akacheka. Akanichoma ganzi. Akazungusha sindano
(ile si sindano, ni kekee, tuite kitu kwa jina lake),
akavuta.
Hakikuja kitu.
Akasogea kidogo, akavuta tena.
Nikausikia kwenye meno ule mvuto usioleta maji.

"Mkavu," akasema, si kwangu,
na Sista Perisi akaandika.

Uboho wangu, wakanieleza, umeota nyuzi.
Palipokuwa na chemchemi pamejaa katani.
Na bandama, maskini, likasikia kiu ya mwili,
likajitwika kutengeneza damu, kazi lisiyofundishwa,
likavimba mpaka chini ya kitovu.
Matonge matatu kwa mlenda, nimeshiba.
"Mimba ya nani hiyo?" huniuliza Sechelela
usiku, akibadili shuka nililolilowesha kwa jasho.
"Maji unayo, baba Chisumo,
ila yanatokea pasipotakiwa."

Ugonjwa wa wachache. Kwenye benchi la Alhamisi tuko watatu:
mimi, mama wa Kirangi anayesuka ukili bila kuutazama,
na mwalimu mstaafu wa Bahi, ambaye yeye damu imezidi;
hutolewa chupa nzima, kisha huuliza
kama haiwezi kumwagiwa mizabibu.

Ndipo karatasi. Kurasa kumi na nne.
Dawa mpya, bado inajaribiwa.
Wengine watapewa hiyo, wengine ile ya zamani,
vidonge vinafanana, kompyuta itapiga kura,
hata daktari hatajua.
Nikauliza, "Itaniponya?"
Akanitazama machoni. Nampendea hilo.
"Sijui. Ndiyo maana tunajaribu."
Ukurasa wa sita: huenda usipate faida yoyote.
Ukurasa wa tisa: unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutaja sababu.

Chisumo akapiga simu kutoka Manyoni:
"Baba, wewe si panya."

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nimekumbuka daftari la mtambo.
Kila shimo tuliliandika: kijiji, mita, udongo, tarehe.
Makavu ndiyo niliyaandika kwa hati nzuri zaidi.
Kijiji kizima kimesimama na ndoo,
vigelegele viko tayari kooni,
na wewe unazima injini.
Nani atakushukuru kwa mita mia na ishirini za vumbi?
Lakini miaka saba baadaye, kule Itiso,
kijana mmoja alifungua daftari langu,
akasoma *kavu, mwamba mtupu, usirudi hapa*,
akasogeza mtambo hatua mia nne magharibi.
Wanachota hadi leo. Jina langu hawalijui.

Msinipambe, lakini. Sijawa mtakatifu.
Nataka kura iniangukie vizuri.
Nataka ile mpya, na nataka ifanye kazi,
nataka kumaliza sahani ya ugali wa uwele
na kuomba nyingine.
Mtu huchimba akitaka maji, hachimbi akitaka daftari.

Nikaweka sahihi. Sechelela akawa shahidi,
herufi zake kubwa zikapita nje ya mstari.
Jina langu likafunikwa, nikawa namba tisa.

Leo ni siku ya arobaini na moja.
Jioni, upepo wa Julai ukigonga bati,
mke wangu huzungusha kamba ya mbuzi tumboni mwangu,
hufunga fundo palipoishia,
huitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.
Hatuambiani fundo limesogea upande gani.
Namwambia tu:
andika.