Pimamaji

Mhadhiri wetu kule Maskati alituonyesha picha:
matao juu ya matao, ghorofa tatu za mawe,
na juu kabisa mfereji mwembamba
ambao hakuna aliyeuangalia.
"Warumi," akasema, na darasa zima likaguna.
Mimi niliandika pembeni mwa daftari:
nani alipanda kule kuzibua?

Leo niko kusini ya Izki, saa moja asubuhi,
leza begani, karatasi za wizara kwapani,
na Hamdun bin Zahor, bidari, mzibua mifereji,
mwenye buti za mpira zilizoshonwa kwa waya.

Falaji inafika ukingoni mwa wadi
kisha inapotea.
Hakuna tao. Hakuna nguzo hata moja.
Kuna shimo tu, mviringo kama mdomo wa mtungi,
maji yanaingia kichwa chini, kimya,
yanapita chini ya kokoto, chini ya njia ya mbuzi,
chini ya pikapu iliyoachwa na mafuriko ya mwaka juzi,
halafu ng'ambo ya pili yanapanda yenyewe,
bila pampu, bila wa kuyahimiza,
yanashika njia ya mitende kama hayakutoka kaburini.

Warumi waliliinua tao wakalisimamisha.
Hapa walilipindua
wakalifukia.

Nikapima. Kutoka mdomo huu hadi ule
mteremko wa upana wa kidole.
"Uko sawa," nikasema.
Hamdun hakujibu. Alichota makapi ya ngano mfukoni,
gao zima, akayamwaga shimoni,
akatimua mbio kuvuka wadi
akihesabu Kiarabu kwa sauti.
Nikamfuata nikihesabu Kiswahili,
lugha ninayohesabia mambo yanayouma:
dawa, madeni, siku za eda ya mama.

Tulichutama. Mia. Mia na ishirini.
Maji yalitoka safi, safi mno,
safi kama mtu anayeficha jambo.
Mia mbili.
Kisha makapi matano.
"Limekula," akasema. "Ukuta umefunguka huko chini."
Leza yangu ilisema kweli.
Ilisema kweli juu ya jambo jingine.

Walifunga maji. Akashuka kwa kamba,
nami nikamteremshia ndoo ya saruji.
Saruji! Kwetu Tanga ni mfuko wa kijivu, kilo hamsini,
hupangwa dukani nyuma ya mabati.
Hapa ni udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende
siku saba, ukapondwa, ukakorogwa na chokaa.
Neno ni lile lile; tuliondoka nalo, tukarudi nalo,
njiani tukasahau lilikuwa na moto ndani.

Shangazi Raya, nilipompigia simu, alicheka:
"Babu yako alizama huko akaibukia Tanga.
Mimi nikazama Tanga nikaibukia huku.
Unauliza maji yanapandaje?
Yanasukumwa na yanayokuja nyuma, mwanangu."
Kisha akauliza kama nimekula.

Siku ya nne Hamdun alimwaga makapi tena.
Hakukimbia safari hii, alitembea.
Tulipofika yalikuwa yameshatutangulia,
yanazunguka juu ya maji, ya manjano, mengi,
na kandambili moja ya mtoto, ya buluu,
ambayo hakuna aliyejua iliingia lini.

Usiku nikajaza fomu. Kuna safu inayouliza:
Kimo cha muundo juu ya ardhi.
Ukucha wangu ungali na saruji.
Nikaandika: sifuri.