Baridi Haichimbiki

Saa tisa usiku, Ulaangom. Chai ya chumvi imepoa mezani,
nami nina maneno arobaini tu ya kuuonya mkoa mzima.
Ndiyo kanuni. Redio haina nafasi ya zaidi:
baada yangu kuna bei ya sufi
na salamu za waliozaliwa leo.

Ramani inafika kipande kipande.
Kutoka Siberia mistari imebanana
kama makunyanzi kwenye paji la mtu anayekudai.
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa;
dalili ya baridi hii ni kukosekana kwake.
Mbingu tupu, nyota zote nje,
kana kwamba paa limeibwa
na joto la ardhi likajiendea bila kuaga.

Lamjav anapiga simu kutoka kituo cha kando ya ziwa.
Kila baada ya saa tatu hutoka na kurunzi,
husoma kipimajoto, hunipa namba, hukata.
Leo hakukata.
"Zebaki imeganda," akasema. "Nimesoma ile ya spiriti."
Akapumua. "Arobaini na moja. Na bado hakujapambazuka."

Mlimani, wakati huohuo: ishirini na tatu.
Wageni hudhani tumekosea.
Lakini baridi ni nzito, hushuka makorongoni kama maji,
hutulia uwandani, hujaa,
na ziwa lake halina ufuko wa kumwonyesha mtu.
Theluji nayo inakuja kutoka magharibi,
na hiyo itaangukia walio juu.

Saa kumi na moja, Dorjpalam, shemeji yangu,
amesimama juu ya tandiko la farasi ili aupate mtandao.
Ana mbuzi na kondoo mia nne na kumi,
watoto wawili, na mama yangu mzazi,
asikilizaye redio yangu kila asubuhi
na asiyeiamini.
"Shemeji, nishuke au nibaki?"
Nikamwambia habari za uwezekano,
asilimia sitini hivi, asilimia thelathini vile.
Nikasikia upepo ukitafuna simu.
"Asilimia mbuzi hawali. Nishuke au nibaki?"

"Baki," nikasema.
"Theluji utaichimba kwa koleo.
Baridi haichimbiki."

Kisha nikaandika. Uwandani, arobaini na sita chini ya sifuri.
Milimani, theluji, sentimita thelathini.
Nikahesabu kwa ncha ya kalamu,
na neno la arobaini lilikuwa *Msihame*.
Bi Sarangoo, mkuu wangu, akalifuta.
"Sisi hutabiri," akasema. "Hatuamuru."
Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia chai mpya.
Yakasomwa maneno thelathini na tisa.

Kaya tatu zilishuka.

Usiku wa Jumatano uwanda ulifika arobaini na sita,
namba yangu, barabara, kama msumari uliogongwa mahali pake.
Sikuwahi kuchukia kupatia kama siku ile.
Lamjav alipofika kwa trekta, watu walikuwa hai,
wamejibanza katika hema moja, mmoja bila vidole vya mguu.
Nje, ng'ombe walikuwa wamesimama.
Akawapigia honi wapishe.
Walikuwa wamesimama tu.

Na mlimani nilikosea.
Nilisema thelathini, ikaanguka sabini.
Paa la zizi likalala juu ya mbuzi tisini na mmoja
na Dorjpalam akachimba siku nne,
mchana kwa koleo, usiku kwa sufuria,
kwa sababu mpini ulivunjika.

Siku ya tano simu ikalia.
Nilikuwa nimeshajiandalia maneno, zaidi ya arobaini.
Hakunilaumu. Hakunishukuru.
"Mama anasema redio imekosea kwa sentimita arobaini."
"Ni kweli," nikasema.
Farasi akakoroma huko juu, kwato zikasaga theluji.
"Basi anauliza," akasema,
"kesho je?"