Majina Mgongoni

Alikuja Ipole na fulana nyeupe
iliyochapwa mgongoni majina arobaini na moja:
shangazi, jirani, muuza mikate,
daktari wa meno, na mbwa mmoja.
Aliapa ni mbwa.
Kila mmoja kaahidi fedha, huko kwao,
kwa kila kozi ya tofali atakayoipandisha Aledi
kwenye darasa letu, kwa siku tisa.

Mimi Kalunde, fundi, binti wa fundi,
nilikuwa nyuma yake na karai la udongo.
Nikamaliza kuyasoma yote kabla ya saa nne.

Siku ya kwanza alipandisha kozi mbili.
Timazi ikakataa. Uzi ukakataa.
Mbuzi wa Mihambo alisimama, akatazama pembeni
kama mtu aliyemsikia mgeni akikosea salamu.
Bomoa, nikamwambia kwa mkono,
maana Kiingereza changu kinaishia kwenye bei.
Akabomoa.
Akatoa kidaftari chake mfukoni,
akakata mbili, akaandika sifuri.
Hapo ndipo nilipompenda kidogo.

Jioni, tukitafuna michembe kwenye rundo la mchanga,
akauliza kupitia kwa mwalimu:
na wewe, kozi zako analipa nani?

Nikampeleka ofisi ya kijiji,
nikamfungulia daftari lenye doa la mafuta ya taa.
Nyamizi, tofali mia na ishirini.
Kasanda mrina asali, debe mbili, ziuzwe, inunuliwe saruji.
Mwashi, hana kitu, atachota maji.
Na mbele ya Mwashi vijistari, vijistari,
ndoo baada ya ndoo, hadi ukingo wa karatasi.
Msaragambo wa kiangazi kizima, tanuru mbili,
kabla hajakata tiketi.

Alisoma kwa kidole. Kiswahili hajui,
tarakimu anazijua.
Kesho yake akaniita ukutani:
tofali moja lina alama ya kwato,
lilikanyagwa bichi, likaanikwa, likachomwa nayo.
Hili katoa nani?
Nikacheka hadi udongo ukakauka karaini.
Hakuridhika mpaka karani akaandika:
Mbuzi wa Mihambo, tofali moja.

Aliondoka na kozi sita zilizonyooka,
zile za chini ya dirisha la pili.
Fulana akaniachia.
Nailimia karanga. Wanaonifuata mtaroni
wanayasoma majina kwa sauti, wanayavunja,
wanayatengeneza upya Kinyamwezi.

Lakini sabuni ya mche haina adabu.
Shangazi amebaki nusu. Muuza mikate, herufi tatu.
Juzi nilipoianua kambani
mbwa hayupo.

Mvua ya kwanza ilikuwa imeshapiga ukuta ule.
Nikashusha timazi pale dirishani, ikatulia.
Nikaenda ofisini, nikaomba kalamu,
na chini ya mbuzi wa Mihambo
nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya:
Mbwa, wa ng'ambo. Kozi sita.
Amelipa.