Chupa ya Nyando

Kila Jumatatu, darajani Ahero,
Apondi hushusha chupa kwa kamba,
huivuta juu imejaa rangi ya chai
ambayo hutamkaribisha mgeni.

Huiacha dirishani. Usiku maji hutulia,
mchanga ukitangulia chini,
kisha tope laini kama unga wa wimbi.

Asubuhi hupima kwa kidole:
pingili moja na nusu.
Hili lilikuwa tuta la nani kule Nandi?
Labda la Jerotich, aliyelima mteremkoni,
mvua ikamwahi kabla ya mbegu.

Ghubani, mafunjo yameota
pale palipomeza kasia zima;
mtumbwi wa Odipo umekwama
juu ya mahindi ya mwaka juzi.

Hatimiliki iko Nandi, sandukuni.
Shamba liko huku.